Malaria Ndani ya Kompyuta za Mtumba

Nilikuwa nauza muda wa intaneti Igunga, karibu na stendi, katika miaka ambayo mabasi ya Mwanza yaliteremka Sekenke, yakaikata mbuga ya Wembere na kutumwagia abiria waliotaka kusoma barua pepe kabla dereva hajapiga honi. Duka lilikuwa na kompyuta nne za mtumba, mashine moja ya kutoa kopi na modemu ya laini ya simu tuliyoiegesha dirishani ili ishike mtandao. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, foleni ilifika barabarani. Siku nyingine mashine zilikaa zikipeperusha vumbi.

Binamu yangu aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuja likizo, akaziangalia mashine zile zimewashwa bila mteja, akatikisa kichwa.

"Kaka, hizi zinakula umeme bure. Ngoja nizipe kazi."

Akachomeka flashi, akaweka programu iitwayo BOINC. Ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa watu walewale walioanzisha SETI@home mwaka 1999. Hao walikuwa wamewaomba wenye kompyuta duniani kote wasaidie kuchambua mawimbi ya redio kutoka angani, kutafuta dalili za viumbe wengine. Kazi ambayo ingehitaji kompyuta kubwa ya mabilioni ilikatwa vipande vidogo, kila kipande kikapelekwa kwenye kompyuta ya mtu nyumbani. Kompyuta ikiachwa bila kuguswa, inahesabu. Mwenyewe akirudi, inampisha.

Binamu yangu hakuwa na shida na viumbe wa angani. Alituunganisha na MalariaControl.net, mradi wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyokuwa Basel. Ulikuwa wa kwanza kuendeshwa chini ya Africa@home, mpango uliozinduliwa Geneva mwaka 2006. Mradi ulijenga vijiji vya kubuni ndani ya kompyuta. Watu wa kubuni walizaliwa humo, waliumwa na mbu, waliugua, walipata kinga kidogo, wengine walikufa. Kisha watafiti waliuliza: wakipewa vyandarua wote itakuwaje? Wakichanjwa watoto tu? Swali moja lilihitaji kurudiwa mara maelfu, kila mara kwa tarakimu tofauti kidogo, na hapo ndipo kompyuta zetu za Igunga zilipoingia. Kipande kimoja kilipelekwa kwa kompyuta zaidi ya moja, majibu yalinganishwe, kwa sababu huwezi kumwamini kila mtu mwenye mashine.

Kazi ilikuja ikiwa ndogo, haikumaliza kifurushi. Kwenye kioo ulionekana mstari ukijaa polepole, asilimia kumi na mbili, kumi na tatu, na feni ya kompyuta ikapandisha sauti. Ndiyo yote. Hakukuwa na picha ya mbu wala ya mtoto. Wateja waliuliza.

Mama mmoja alikuja kutoa kopi ya kadi ya kliniki, mtoto amemfunga mgongoni kwa kitenge. Akauona ule mstari.

"Mwanangu, hiyo inapakua nini?"

"Shikamoo mama. Haipakui kitu, inahesabu malaria."

"Marahaba. Malaria ya nani?"

"Ya watu wa mfano tu, mama. Wazungu wa Uswisi wanataka kujua vyandarua vitasaidia kiasi gani."

Akacheka. "Wangekuja wakaniuliza mimi. Chandarua ninacho, nilipata kwa Hati Punguzo nikiwa na mimba ya huyu. Na dawa ya mseto amemaliza jana."

Nilimpa kopi zake, sikuwa na la kujibu. Wakati ule sikujua kwamba, kwa namna fulani, watafiti walikwishakwenda kuuliza. Baadaye nilisoma kwamba mifano ile ilitumia takwimu za mbu zilizokusanywa Namawala, kijiji cha bonde la Kilombero. Tarakimu zilizokuwa zikizunguka kwenye mashine za watu wa Ulaya zilianzia kwa wanakijiji wa Kitanzania waliokubali mbu wa vyumbani mwao wanaswe na kuhesabiwa.

Mwenye duka alikuwa mtu wa kuhesabu uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kompyuta ya mezani na kioo chake hula wati mia moja na ushei. Ukiiacha usiku kucha, uniti nzima imekwenda. Akaniita.

"Kijana, hao Waswisi watatununulia umeme?"

Nikaipanga programu ifanye kazi mchana tu, mashine zikiwa zimewashwa kwa ajili ya wateja. Lakini kila kipande kina siku yake ya mwisho, na mwaka 2011 nchi nzima iliingia kwenye mgao. Umeme ulirudi saa za ajabu, kazi zikachelewa, mradi ukazigawa kwa wengine. Kisha ukaja uchaguzi mdogo wa ubunge wa Oktoba 2, waandishi wa habari wakajaa mjini, na kompyuta zetu hazikupata nafasi hata ya kupumua. Baada ya hapo sikuirudisha programu.

Sijutii, wala siwalaumu walioiunda. Waliwaza watu ambao kompyuta zao zinakaa bila kazi na umeme wao hauna mjadala, na kwa watu hao ilifaa sana. Mradi ulifungwa mwaka 2016, ukiwa umesaidia kupima mambo mengi, ikiwemo chanjo ya RTS,S iliyojaribiwa kwa watoto wa Bagamoyo na Korogwe pia, na ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Ila Igunga kitu cha ziada hakikuwa umeme. Kilikuwa macho ya watu wanaoamka na ugonjwa na kulala nao.

Hilo nililiona shambani kwa mjomba, simu za kugusa zilipokwisha kuenea. Mihogo yake ilikuwa na majani yaliyojikunja, yenye mabaka ya njano kama shuka lililomwagikiwa jiki. Nilikuwa nimepakua Nuru, programu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State na wenzao wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, iliyofundishwa kwa picha za mihogo kutoka mashamba ya pwani yetu. Inafanya kazi bila mtandao, na inazungumza Kiswahili. Nilielekeza kamera kwenye jani, la pili, la tatu. Jibu likaja: ugonjwa wa batobato. Mtandao ukipatikana, taarifa huenda kwa watafiti wanaofuatilia ugonjwa unasambaa wapi.

Mjomba hakuuliza zinakwenda kwa nani. Aliuliza ang'oe au aache. Tulisoma ushauri pamoja: ng'oa mashina yenye ugonjwa, na msimu ujao panda pingili safi. Akaenda kuchukua jembe.

Nilimkumbuka yule mama wa kadi ya kliniki. Yeye na mjomba wote walikuwa wanajua ugonjwa wao kuliko mtu yeyote wa Basel au Pennsylvania. Tofauti ni kwamba programu ya pili ilimuuliza mwenye shamba, na ikamjibu kabla hajaondoka shambani. Siku hizi kijana akinionyesha programu mpya ya kuwashirikisha wananchi katika utafiti, namuuliza swali moja: anayetoa, anapata jibu lini?