Dawa ya miguu na maji ya udhu

Muislamu anayehifadhi swala zake huosha miguu mara tano kwa siku, na katika hilo kuna usafi ambao watu wengi wa dunia hawaujui. Lakini miguu hiyo hiyo, ikishaoshwa, mara nyingi hutumbukizwa mbichi ndani ya raba au viatu vya plastiki, ikabaki humo hadi swala ifuatayo. Wageni wanaofika hapa Buigiri hustaajabu wakisikia tuna fangasi wa miguu. Nchi ya Ugogo ni kavu, mvua yake ni ya msimu mmoja tu, na kuanzia Mei vumbi jekundu ndilo linalotawala. Fangasi atoke wapi? Anatoka katika nafasi ile nyembamba baina ya kidole cha nne na cha tano, ambako jua la Dodoma halijawahi kufika.

Mwaka huu mzee mmoja wa safu ya kwanza aliacha kuonekana msikitini. Tulipomzuru, mimi na imamu, alitukaribisha vizuri, akatuzungumzia habari za mtama na uwele, kisha kwa shida akatuonesha mguu wake. Ngozi baina ya vidole ilikuwa nyeupe kama iliyolowekwa usiku kucha, imechanika, na ilitoa harufu. Alisema anaona haya kuwaudhi wenzake katika safu. Dawa alikuwa nayo, tyubu nzima aliyoelekezwa katika zahanati, lakini hakuwa ameifungua. Kijana mmoja alimwambia kuwa krimu huzuia maji kufika kwenye ngozi, na kwamba udhu wake hautakuwa sahihi. Basi mzee wetu alichagua udhu akaacha dawa, na mwishowe akaikosa hata swala ya jamaa.

Kijana yule alikuwa na nusu ya elimu, na nusu ya elimu ndiyo inayotusumbua. Ni kweli kwamba kisiwepo kizuizi baina ya maji na kiungo. Lakini Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ambaye sisi watu wa madhehebu ya Shafii tunamsoma tangu chuoni, amelieleza jambo hili katika al-Majmu kwa mfano wa mguu wenyewe. Mtu aliyeziba nyufa za mguu wake kwa nta au shahamu hana budi kukiondoa kilichoziba. Ama mafuta laini, ambayo maji huigusa ngozi na kupita juu yake hata kama hayatulii, hayaharibu udhu. Krimu ya fangasi hupakwa kidogo na kusuguliwa mpaka ikapotea machoni, kwa hiyo imo katika hukumu hii ya pili. Na ambaye moyo wake bado una wasiwasi, njia ni nyepesi: dawa hii kwa kawaida hupakwa mara mbili kwa siku, basi aipake baada ya Alfajiri na baada ya Isha. Muda uliopo kabla ya swala inayofuata ni mrefu wa kutosha. Hata katika Ramadhani haina tatizo, kwani kinachopakwa juu ya ngozi hakifunguzi.

Lililo gumu zaidi ni kitambaa. Wazee wetu wengi wanapenda maji ya udhu yakauke yenyewe, nao wana msingi, maana rai yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba kuyaacha ni bora. Lakini kujifuta si haramu, wala katika rai hiyo si makuruhu, na mwenye haja ana udhuru ulio wazi. Maradhi ni haja. Sunna ya kupitisha maji baina ya vidole, iliyopokewa katika hadithi ya Laqit bin Sabira, ibaki mahali pake, na akishamaliza, mtu akaushe hapo hapo kwa kitambaa chake mwenyewe. Nasisitiza chake mwenyewe, kwa kuwa taulo moja la nyumba nzima ndilo linalotembeza fangasi kutoka kwa baba hadi kwa mtoto.

Dawa yenyewe si ya ajabu. Klotrimazoli ya asilimia 1 hupatikana katika maduka mengi ya dawa, na kabla yake kulikuwa na mafuta ya Whitfield, ambayo bado yanafaa. Hupakwa juu ya ngozi kavu, na kuvuka kidogo mpaka wa palipoathirika. Watu wengi hukosea katika kuhesabu siku. Muwasho huondoka mapema, mgonjwa akadhani amepona, na tyubu ikasahauliwa dirishani, ilhali fangasi bado wamo. Inatakiwa kuendelea wiki mbili nzima baada ya dalili kwisha, na kwa jumla tiba huchukua kama mwezi. Mzee wetu alirudi msikitini katika wiki ya pili, akasimama mwisho wa safu karibu na ukuta, na tyubu ya pili nilimnunulia mimi.

Akina mama wanaonunua dawa za nyumba wajihadhari na krimu za mchanganyiko zenye steroidi, kama betamethasoni au klobetasoli, ambazo wengine huzipaka usoni kutafuta weupe. Zikipakwa kwenye fangasi, wekundu na muwasho hutulia upesi, lakini chini yake fangasi hutambaa kwa raha. Krimu haiponyi mapunye ya kichwani kwa watoto, na ni nadra kuponya kucha zilizooza. Hayo yanataka vidonge kwa maelekezo ya mganga. Mwenye kisukari asijitibu mwenyewe hata ufa mdogo, kwa sababu vijidudu hupita hapo na mguu ukavimba. Na baka lisilowasha wala kuhisi mguso si fangasi. Huenda likawa ukoma, ambao unatibika, na dawa zake hutolewa bure. Aende zahanati mapema.

Mwaka 1998 madaktari wa Durban, Afrika Kusini, walichapisha uchunguzi wao juu ya fangasi wa miguu miongoni mwa Waislamu wa mji ule, nami nilipowatajia wanakamati habari hiyo wote waligeuka kuzitazama ndala za kutawadhia, jozi nane, mbichi daima, zinazovaliwa na kila aingiaye. Tulikubaliana zioshwe kwa sabuni kila Alhamisi na kuanikwa juani mchana kutwa. Mjumbe mmoja aliuliza sabuni itatoka fungu gani. Niliandika: fungu la mkeka.