Sisemi Tena "Kaza Mwendo"

Napenda kuwashirikisha somo nililopewa na binti yangu wa kidato cha pili.

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyechelewesha safari yetu ya kanisani. Mara uji wa mtoto, mara nywele za binti, mara kitenge hakijapigwa pasi. Tukishaingia garini, nilimhimiza mume wangu: "Baba Neema, kaza mwendo, ibada imeanza!" Naye alikanyaga mafuta. Mtoto mdogo nilimpakata kiti cha mbele, nikiamini mikono ya mama inatosha.

Jioni moja Neema alikuwa akifanya mazoezi ya fizikia, nami nachagua mchele. Nikamwuliza anasoma nini.

"Nishati mwendo, mama. Ni nishati ambayo kitu kinakuwa nayo kwa sababu kinatembea. Unachukua nusu ya kilo zake, unazidisha kwa mwendokasi, halafu unazidisha tena kwa mwendokasi uleule."

"Kwa nini uzidishe tena?"

Akanieleza habari za Mholanzi 's Gravesande, aliyeangusha mipira ya shaba kwenye udongo laini. Mpira uliofika kwa kasi maradufu ulichimba shimo la kina mara nne, si mara mbili. Mwaka 1740 Émilie du Châtelet wa Ufaransa, mwanamke mwenye watoto kama sisi, aliitetea hoja hiyo katika kitabu chake.

Tukapiga hesabu ya gari la kilo 1,000. Likienda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, ni 500 mara 10 mara 10: jouli 50,000. Likienda kilomita 72 kwa saa, ni 500 mara 20 mara 20: jouli 200,000. Mwendo maradufu, nishati mara nne! Nayo yote sharti imalizwe na breki, ndiyo maana gari huhitaji karibu mara nne ya umbali ule kusimama baada ya kukanyaga breki.

"Na mdogo wako?" nikauliza. Ana kilo 10. Neema akaandika: jouli 2,000. "Mama, ni sawa na kuanguka kutoka mita 20 juu, kama ghorofa ya sita."

Mchele ukanishinda. Ni mikono ya mama gani ingemdaka mtoto huyo?

Usiku ule nilimwomba mume wangu msamaha. Akacheka kidogo, akasema, "Hata mimi nilikuwa naogopa, Mama Neema, ila sikutaka ukasirike."

Siku hizi nguo zinapigwa pasi Jumamosi. Mtoto anakaa nyuma katika kiti chake, amefungwa mkanda. Tukichelewa, tunakaa benchi la mwisho na kumshukuru Mungu kwamba tumefika wote.

Dada yangu, Mungu hutulinda njiani, lakini akili nayo ni zawadi yake. Tuitumie. Amka nusu saa mapema, umwachie baba watoto aendeshe taratibu.