Mtoto Wako Bado Kutembea?

Kuna ulizo moja linaloumiza kuliko matusi. Watu wanaliuliza kwa upole, kwenye bomba la maji, sokoni, mlangoni mwa kanisa: "Mama, mutoto eko na myezi ngapi? Kumi na sita? Na bado kutembea?" Anayeuliza anachukua ndoo yake na kwenda zake. Anayeulizwa anabaki na ulizo hilo mpaka usiku.

Hapa Kamina habari hukimbia kuliko treni. Asubuhi watu wameona mtoto amekaa kwenye mkeka wakati wenzake wanafukuza kuku. Jioni kila mtu ana maelezo yake. Wa kwanza atasema mama anambeba sana mgongoni. Wa pili atasema mama ana mimba nyingine, ndiyo inavunja nguvu za mtoto. Wa tatu atashusha sauti: "Kuko mutu anamufunga miguu." Na baba aliyekwenda kutafuta franga huko Kolwezi au Fungurume anapiga simu kila Jumapili, na neno lake la kwanza ni lile lile: "Mutoto alisha kutembea?" Mwishowe mama anaogopa hata simu ya bwana wake.

Jambo hili silijui kwa kusikia tu. Binti wetu wa tatu alikaa vizuri, alicheka na kila mtu, alivuta kila sufuria iliyokuwa karibu, lakini kusimama hakutaka. Alijisukuma kwa matako kutoka mlangoni hadi jikoni, mkono mmoja chini, upesi kama panya. Mwezi wa 12 ukapita, wa 14 ukapita. Kanisani Mama Pasta hakumweka tena kwenye mkeka pamoja na watoto wengine. Alimshika mapajani ibada nzima. Usiku tulihesabu miezi kama watu wanaohesabu deni.

Mama yangu mzazi ndiye aliyetutuliza. Alifika kutoka kijijini, akamtazama mjukuu wake akijisukuma, akacheka mpaka machozi. "Ni baba yake kabisa," akasema. "Weye Pasta, ulikuwa unatembea na matako vile vile. Baba yako alisema nimemuzalia chula." Na kweli, wanganga wa lopitali wanalijua jambo hilo: watoto wanaojisukuma kwa matako mara nyingi huchelewa kutembea, na mara nyingi ni jambo la jamaa. Binti wetu alikaribia miezi 17 alipoinuka siku moja, akashika kikwembe cha mama yake, akaenda.

Miezi ya mtoto si ya jirani

Mwaka 2006 OMS, shirika la afya la dunia, lilitoa matokeo ya kazi kubwa juu ya watoto 816 wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Wote walikuwa wenye afya na chakula kizuri. Nusu yao walikuwa wakitembea peke yao walipofika miezi 12 hivi. Lakini wa mapema sana walianza na miezi 8, na wa mwisho walikaribia miezi 18. Wote hao walikuwa wazima! Tena, watoto wanne hivi katika kila mia hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja, nao walitembea.

Basi mtoto wa miezi 14 anayekaa vizuri, anayeshika vitu kwa mikono miwili, anayegeuka akiitwa, hakuchelewa. Yuko ndani ya wakati wake. Na kama alizaliwa miezi miwili kabla ya siku yake, uondoe miezi hiyo miwili unapohesabu.

Na kubeba mgongoni? Mama, usiogope kikwembe chako. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Charles Super, aliwachunguza watoto wa Wakipsigis wa Kenya, akaandika habari zao mwaka 1976. Watoto hao walibebwa na kupakatwa sehemu kubwa ya mchana, lakini walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Amerika. Sababu gani? Mama zao waliwafundisha kukaa, wakawashika mikono na kuwafundisha hatua. Kwa kutambaa hawakutangulia, maana hawakuwekwa chini sana. Unaona? Mgongo wa mama haulegezi miguu. Ila umshushe pia, acheze chini.

Lakini mpaka uko

Siandiki haya kusudi kila mzazi aseme: "Tungoje tu." Kuna jamaa moja niliyoitembelea mara nyingi. Mtoto wao wa kiume hakulia upesi alipozaliwa. Alipofika miezi 9 hakuweza kukaa, na mama yake akimwinua, miguu ilikakamaa na kupishana kama makasi. Watu wakasema: atakuwa, ngojeni. Halafu mtu mmoja anayejiita nabii akawaambia kwamba kambo, mama ya baba, ndiye aliyemfunga. Akaomba mbuzi, akapewa. Akaomba franga, akapewa. Mtoto hakutembea. Vitu vya kambo vikatupwa njiani, sufuria na godoro, mbele ya majirani.

Mtoto alipofika miaka miwili na nusu ndipo munganga mmoja alimpima vizuri, akauliza habari ya kuzaliwa kwake. Akaeleza: ubongo ulikosa hewa siku ile. Hakuna dawa ya kurudisha kilichoharibika, lakini mazoezi ya kunyoosha miguu kila siku, na kiti kinachomshika vizuri, vinasaidia sana. Vinasaidia zaidi vikianza mapema. Mwaka mzima na nusu ulikuwa umepotea kwa kutafuta mlozi.

Kwa hiyo shika mpaka huu: mtoto akitimiza miezi 18 bila kutembea, apimwe. Usingoje hata miezi hiyo ukiona mambo haya:

1. Miezi 9 imepita na hawezi kukaa bila kushikwa.
2. Mwili ni mlegevu kama kitambaa, au miguu inakakamaa kama mti.
3. Kabla ya mwaka mmoja anatumia mkono mmoja tu, au anavuta mguu mmoja.
4. Kichwa kinakua upesi kupita kiasi, au nyayo zimepinda tangu kuzaliwa.
5. Alikuwa akikaa au kusimama, sasa hawezi tena.

Hilo la tano sisi wa Haut-Lomami tulishike sana. Polio ya asili ilionekana mara ya mwisho katika Kongo mwaka 2011. Lakini mwaka 2017 polio ya namna nyingine ilizuka hapa kwetu na Maniema. Ilitokana na virusi dhaifu vya chanjo vilivyozunguka mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, mpaka vikapata nguvu. Mtoto akilegea mguu kwa ghafula, mpeleke siku ile ile. Wanganga wanahitaji kupima choo chake ndani ya siku 14. Na wachanjaji wakipita nyumbani, usifiche mtoto chini ya kitanda!

Nani alikosa?

Hilo ndilo ulizo la pili, nalo ni baya kuliko la kwanza. Wanafunzi wa Yesu walilileta kwake walipomwona kipofu: ni yeye aliyekosa, au wazazi wake? Yesu hakumtaja mwenye kosa. Alimponya.

Soma pia habari ya Mefiboshethi katika kitabu cha pili cha Samweli. Alikuwa na miaka 5 mlezi wake alipokimbia naye kwa hofu, akaanguka, miguu yake yote miwili ikalemaa. Biblia haimwiti mlezi yule mlozi. Hata jina lake haikuliandika. Iliandika jambo lingine: kwamba Daudi alimtafuta kijana yule, akamrudishia mashamba ya babu yake, akamweka kwenye meza ya mfalme akiwa na miguu ile ile.

Kuomba ni vizuri, nami naombea watoto kila juma. Lakini maombi yanayomaliza kwa kumfukuza kambo nyumbani, hayo si maombi. Nabii akikukataza kwenda lopitali, ondoka kwake.

Fanya hivi nyumbani

Mtandikie mtoto mkeka, mweke mbele yake kitu anachokipenda, mbali kidogo. Baba, chimbia miti miwili uani, funga mingine miwili juu yake, kimo cha kifua cha mtoto, ashike pande mbili na kujaribu hatua. Kile kigari cha magurudumu cha kumsimamisha mtoto, usikinunue. Hakifundishi kutembea na kinaangusha watoto. Canada ilikataza kukiuza tangu 2004. Tena bukari peke yake haijengi miguu. Changanya na maharagwe, karanga, sombe, na unga wa samaki wakavu wanaotoka Bukama. Mtoto mwenye njaa anakaa kimya mahali pamoja, na watu wanasema ni mpole.

Ninyi vijana mnaobeba wadogo wenu, ninyi ndio walimu wa kwanza wa hatua. Msimcheke anayekaa chini. Nawe baba wa migodi, siku nyingine anza simu yako na ulizo hili: "Mama, weye uko muzima?" Kisha tuma franga za safari ya lopitali kama zinahitajika.

Yule kambo alirudishwa. Wazee wa kanisa walikwenda naye mpaka mlangoni, na mwana wake akapokea godoro kwa mikono yake mwenyewe. Sasa ni yeye anayemnyoosha mjukuu miguu kila asubuhi, akimwimbia. Seremala mmoja alitengeneza kiti chenye meza ndogo, na mtoto anakula juu yake pamoja na wote. Hatembei. Lakini anajua kusoma jina lake.

Basi, msomaji, chukua fishi ya mtoto wako leo, hesabu miezi bila woga. Kama miezi 18 haijafika na hakuna dalili mbaya, mwache akue kwa wakati wake. Kama imepita, siku ya CPS inayokuja isikupite. Na unapokwenda, mbebe mgongoni kama kawaida.