Hati za Deni na Dhahabu ya California



Wako watu wanaokusanya karatasi za fedha zilizokwisha muda wake: hawala, vyeti vya hisa, stakabadhi za benki. Baadhi yao huzipenda hasa zile za California, baada ya James Marshall kuiona dhahabu kwenye kinu cha mbao cha Sutter, huko Coloma, tarehe 24 Januari 1848.

Kazi yao twaiheshimu. Mchimbaji aliyetaka kuwapelekea jamaa zake fedha alikabidhi vumbi la dhahabu benki, akapewa hawala yenye nakala mbili au tatu. Nakala hizo zilisafiri kwa meli mbalimbali, ili moja ikipotea nyingine ifike. Moja ilipolipwa, zilizobaki zilibatilika. Hofu hiyo haikuwa bure. Septemba 1857 meli Central America ilizama katika tufani, ikiwa na shehena kubwa ya dhahabu, na watu zaidi ya 400 wakapoteza maisha.

Hata nchi kavu hapakuwa na salama. Februari 1855, mjini San Francisco, benki ya Page, Bacon & Co. ilifunga milango; siku iliyofuata ikafuata Adams & Co. Waliokuwa na stakabadhi mkononi walibaki na karatasi. Leo stakabadhi ya namna hiyo hutiwa katika fremu na kusifiwa uzuri wa mchoro wake. Si dhambi kuinunua; lakini tungependa mnunuzi asome kwanza jina la mwenyewe, ndipo aulize bei, kwa maana lile ni jasho la mtu.

Hati iliyolipwa nayo hutambulika: imetobolewa, au imepigwa mstari wa kalamu, au sahihi yake imekatwa. Wako wakusanyaji wanaoishusha thamani kwa jeraha hilo. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakolosai (2:14), anasema habari za hati ya deni iliyofutwa na kupigiliwa msalabani. Kwa mdaiwa, tundu lile la msumari ndilo sehemu nzuri kuliko zote katika karatasi nzima.

Katika maduka yetu hapa parokiani mna madaftari ya mikopo, yenye majina ya majirani. Tangu Kwaresima tumewapokea waamini wawili, mmoja wao mjane, waliokwisha kulipa hadi senti ya mwisho, na majina yao hayajapigwa mstari.