Nani Ashike Upawa?

Mtu akitaka kuwaona watu wasiofanana wakisemezana bila kulazimishwa, na aje katika soko letu la Kiboriloni. Humo yumo mama wa Old Moshi na mkungu wake wa ndizi, na Mpare na tangawizi yake, na Mmasai aliyetoka tambarare, na kijana mwenye rundo la nguo za mitumba. Kabila zao ni mbalimbali, na dini zao pia, na Kiswahili chao kina lafudhi nyingi. Lakini hakuna amnyimaye mwenziwe jibu. Kwa nini husikilizana? Kwa sababu kila mmoja ana kitu mkononi, ama mali ama fedha, na mwenziwe anakihitaji.

Lakini watu hao hao wakiondoka sokoni na kuingia shuleni, au chuoni, au kazini, au katika baraza la usharika, mara nyingi ndimi huwa nzito. Wachache husema, wengi hukaa kimya, na mwisho wa mkutano husemwa kwamba wote wamekubali. Mwezi huu twapenda kuandika juu ya ukimya huo, kwa maana twaona kwamba si amani, ingawa wafanana nayo.

Tofauti katika mlima wetu si jambo jipya. Wageni hututazama wakatuita sote Wachagga, kama kwamba tulizaliwa katika nyumba moja. Sisi wenyewe twajua kwamba mtu wa Rombo akisema lugha ya kwao, mtu wa Machame humfahamu kwa shida. Tena wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kuanza kazi Kilema. Basi nchi za Wamangi zikaelekea huku na huku: Kibosho, Kilema na Rombo zikawa na Wakatoliki wengi, Machame, Marangu na Old Moshi zikawa na Walutheri wengi, na Waislamu wakawa majirani wa wote. Shule nazo zikafuata makanisa, hata mtoto aliweza kukua ng'ambo hii ya mto bila kuketi hata siku moja pamoja na mtoto wa ng'ambo ya pili.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule nyingi za misioni mikononi mwa Serikali, na watoto wa dini zote wakaketi benchi moja. Hilo lilikuwa jema. Lakini kuketi benchi moja si kusemezana, kama vile ng'ombe wawili kulala zizi moja si kujuana. Mlango umefunguliwa, kazi ya kumkaribisha mtu ndani yabaki kwetu.

Wazee wetu walikuwa na mti mmoja wenye mafundisho makubwa katika jambo hili, nao ni isale. Kila mtu aliyezaliwa mlimani aujua, kwa kuwa hupandwa mpakani, kati ya kihamba na kihamba, kusudi mtu asiivuke haki ya jirani yake. Lakini mtu akiwa amemkosea mwenziwe, huchuma jani la isale hilo hilo, akalipeleka kwa yule aliyekosewa, na desturi yakataza kumfukuza mtu aliyekuja na jani hilo. Hana budi kusikilizwa. Tazameni hekima hii: mti utengao ndio utoao jani la kupatanisha. Wazee hawakung'oa mpaka ili wapate amani, wala hawakumwambia jirani kwamba kihamba chako ni changu. Kila mtu alibaki na chake, na mlango wa maneno ukabaki wazi. Wako watu wa siku hizi wadhanio kwamba ili tuwe wamoja, sharti tujifanye hatuna tofauti, tusitaje dini wala kabila wala hali ya mtu. Twaona wanakosea. Tofauti isiyotajwa haiondoki, bali hujificha kama kunguni kitandani. Na mtu hajui kunguni wa kitanda asichokilalia.

Basi haitoshi kwamba watu waseme. Yafaa tuulize, wakiisha kusema, jambo gani linafuata? Hapo twasaidiwa na Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6. Katika kanisa la kwanza kule Yerusalemu, waamini wa lugha ya Kiyunani walinung'unika, kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika chakula cha kila siku. Mitume wangaliweza kuwanyamazisha kwa kusema kwamba manung'uniko ni dhambi, au kuwaahidi tu kwamba mambo yatatazamwa. Hawakufanya hivyo. Waliukusanya mkutano wote, wakautaka uchague watu saba wa kuisimamia kazi ile. Na majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni majina ya Kiyunani. Yaelekea basi kwamba wengi wao walitoka upande ule ule uliokuwa ukisahauliwa. Kwa maneno ya jikoni kwetu, upawa ulitiwa mkononi mwa wale waliokuwa wakikosa chakula. Hayo ndiyo mazungumzo yaliyokamilika.

Hapa kwetu tumeona jambo hili kwa macho katika habari ya kahawa. Mwaka 1925 wakulima Wachagga waliunda chama chao, wakiongozwa na Joseph Merinyo wa Old Moshi. Walikuwa na sababu: walowezi wengi wa Kizungu hawakupenda Mwafrika alime kahawa, wakasema mashamba yake yataleta magonjwa na wizi. Wakulima walitaka kuwa na sauti yao wenyewe, nao wakaipata. Mwaka 1933 mahali pa chama hicho pakashikwa na chama kikuu cha ushirika, ambacho wote wakijua kwa jina la KNCU. Ushirika huo ulikuwa jambo jema, na watoto wengi wa mlima huu walisoma kwa fedha ya kahawa. Lakini ikatoka amri kwamba kahawa yote ya Wachagga iuzwe kwa njia ya chama hicho tu, na siku zile bei ilikuwa imeshuka sana. Wakulima wengi waliona kwamba mambo yamekatwa juu, nao wameletewa chini kutii. Manung'uniko yakazidi, na mwaka 1937 ghasia zikazuka katika sehemu kadhaa za mlima. Kahawa ilikuwa yao, mgongo ulioibeba ulikuwa wao, na chama kwa jina kilikuwa chao. Lakini upawa waliuona mkononi mwa wengine.

Chama hakikufa kwa ghasia zile, bali kilisimama tena kikapata sifa kubwa. Hata hivyo, mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini mwote, ikabidi sheria ya mwaka 1982 ivirudishe. Hatusemi haya ili tuwahukumu waliotangulia. Twasema ili ionekane kwamba jambo jema likifanywa bila kuwauliza wenyewe, lachoka upesi, hata kama aliyelifanya alikuwa na nia safi.

Lakini mambo makubwa ya vyama yaweza kuwa mbali na msomaji. Na tutaje dogo la karibu. Katika shule moja ya huku chini ya mlima, wazazi walizoea kuwafanyia karamu watoto wa darasa la saba kila mwaka wamalizapo masomo yao. Nyama ilikuwa ya nguruwe na ya ng'ombe, na sufuria zilikuwa zile zile. Siku ya karamu watoto Waislamu hawakuja. Watu wakasema, "Hawa hawapendi kukaa na sisi," na mwaka wa pili wakasema hivyo tena. Mwalimu mkuu, mtu mzima mwenye subira, hakuridhika na neno hilo. Akaenda mwenyewe nyumbani kwa mama mmoja, akaketi, akaulizia afya za watoto, kisha akasema, "Mama, nimekuja kuuliza, sikuja kulaumu. Mbona karamuni hatuwaoni?" Yule mama akajibu, "Mwalimu, sisi hatukuikataa karamu. Tumeikataa sufuria. Wala hakuna aliyetuuliza."

Mwalimu angaliweza kurudi na kuamuru sufuria zioshwe vizuri, akadhani amemaliza. Alifanya lililo bora. Alimwomba mama yule aingie katika kamati ya karamu pamoja na mwenziwe mmoja. Mwaka ule mbuzi wakachinjwa na mzee Mwislamu, vyombo vikawa vipya, na akina mama hao wakapika wali na kuugawa kwa mikono yao. Watoto wote wakala chungu kimoja, na hakuna Mkristo aliyepungukiwa na imani kwa kula mbuzi. Nguruwe hawakupigwa marufuku vijijini. Kila mtu nyumbani kwake alikula alichozoea. Mpaka ulibaki, na jani likachumwa.

Yaliyo katika karamu ndiyo yaliyo katika vyuo na kazi. Moshi ni mji wa vyuo. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa hapa mwaka 1963, na tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Na hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, huwafunza matabibu na wauguzi. Vijana huja kutoka Ziwani, na Pwani, na Kusini, na ng'ambo ya mipaka ya nchi. Ni jambo la kawaida, katika chuo chochote, kwamba kijana ajapo mahali pageni hutafuta watu wa kwao, hakuna ubaya. Ubaya huanza wakati fungu moja linapozungumza lugha ya nyumbani mbele ya mwenzao asiyeijua, wakacheka, naye asijue kama anachekwa yeye. Ubaya huzidi wakati kijana asiyeona, au asiyesikia, au mwenye ualbino, anapopangiwa kila kitu na watu wenye huruma ambao hawajamuuliza hata neno moja. Huruma isiyouliza yaweza kumdhili mtu kama dharau.

Na kazini ni hivyo hivyo. Hebu fikirini hospitali mahali popote mlimani. Bibi kizee ameletwa kutoka kijiji cha mbali, hajui Kiswahili kizuri, na muuguzi hafahamu lugha yake. Mara nyingi anayeweza kuwasaidia ni yule afagiaye wodi, kwa kuwa ni mtu wa kijiji kile. Kwa saa moja anakuwa mkalimani, na uhai wa mtu waweza kutegemea maneno yake. Lakini siku ya mkutano wa wafanyakazi, mfagiaji hukumbukwa kwa kupanga viti tu. Je, aliyoyasikia vinywani mwa wagonjwa yataingia mkutanoni kwa mlango gani?

Wako watakaotujibu, "Mwalimu, maneno ni mengi katika nchi hii, mikutano imetuchosha." Twakubali. Mikutano mingi ni kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa: mkubwa husikiliza, hutikisa kichwa, hushukuru, kisha hufanya alilolikata tangu jana. Mazungumzo ya namna hiyo ni mabaya kuliko ukimya, kwa maana humfundisha mnyonge kwamba hata akisema ni bure. Dawa yake si kuacha kusema, bali ni kuuliza kabla ya kukata shauri, na kumpa aliyesahauliwa sehemu ya kazi na ya madaraka, si sehemu ya maneno peke yake.

Wengine husema, "Penye wazee haliharibiki neno." Ni kweli, lakini kama wazee wote wametoka katika nyumba moja, neno laweza kuharibika mbele yao wote bila mmoja kuona. Tena walio wachache nao wana wajibu. Mama yule angaliweza kumfukuza mwalimu kwa uchungu wa miaka miwili, naye angalikuwa na sababu; lakini alimkaribisha akamwambia kweli bila matusi. Na alipopewa upawa hakusema, "Pikeni ninyi mliozoea." Aliamka alfajiri.

Kwa hiyo, ndugu, kila msomaji wa gazeti hili ana mahali anaposhika upawa: huyu ni mzee wa usharika, yule ni msimamizi wa kazi, huyu ni mwalimu, yule ni mama mwenye jiko lake na msichana wa kazi. Kabla mwezi huu haujaisha, na atazame ni nani asiyekuja karamuni kwake, wala asiseme upesi kwamba mtu huyo hapendi watu. Na aende akamuulize, aketi, angoje jibu mpaka mwisho, hata likiwa chungu. Kisha akirudi, asirudi na upawa peke yake.