Masika ya London: Tafakuri Kuhusu Majina ya Majira

Wafasiri wetu wamezoea kuyapa majira manne ya Ulaya majina ya kwetu: kipupwe, masika, kiangazi na vuli. Mazoea hayo yalinijia akilini kila asubuhi katika majuma mawili niliyokaa London mwezi Machi, nikisoma miswada ya Kiswahili katika maktaba ya SOAS.

Njia yangu ilipitia bustani ya Russell Square. Miti mikubwa ilikuwa bado mitupu, na baridi ilipenya koti. Hata hivyo dafodili zilikwisha kuchanua, na watu waliketi kwenye mabenchi wakilielekezea jua nyuso zao. Kilichokuwa kikirejea si mvua, bali nuru. London iko yapata digrii 51 kaskazini ya Ikweta: mchana wake wa mwishoni mwa Desemba haufikii saa 8, ilhali ule wa mwishoni mwa Juni hupita saa 16. Mombasa, tofauti baina ya mchana mrefu na mfupi kabisa ni kama nusu saa tu. Ni dhahiri, basi, kwamba mshairi wa Kiingereza anapoyashangilia majira haya, aghalabu hushangilia kwisha kwa giza. Masika yetu huja na mawingu mazito yanayolifunika jua. Neno hilo likitumiwa pasipo maelezo, humpa msomaji taswira iliyo kinyume.

Ndani ya maktaba nilikuwa na tungo za Muyaka bin Haji, zilizokusanywa Mombasa na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, kisha zikachapishwa na Hichens mwaka 1940. Muyaka aliishi katika mji ambao mwaka wake ulipimwa kwa pepo: kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, kusi ikayarejesha. Baina ya pepo hizo kuna malelezi, ambayo kwa mara moja huangukia Machi na Aprili. Upepo hauna msimamo, na nahodha hungoja. Nikitazama nje ya dirisha, niliona kwamba hali ile ya London ilikaribiana na malelezi kuliko masika: la kale halijaondoka, jipya halijatua.

Sipendekezi malelezi yawe tafsiri. Hayo yangekuwa mazoea yale yale kwa jina jingine. "Majira ya kuchipua" yatosha, mradi mwalimu aeleze kisa cha nuru. Linalonisumbua ni jingine. Mwanafunzi wetu aweza kufafanua dafodili katika shairi la Kiingereza, ua asilopata kuliona. Lakini akiulizwa malelezi, hukimbilia kamusi. Kabla ya kumtaka aihakiki bahari ya Muyaka, yatupasa kwanza tumfundishe pepo zake.