Chai ya Jumuiya

Jumamosi kabla ya Krismasi ya 2023, jumuiya ilikutana kwa cucu, Gatuanyaga. Nilifika kutoka Nairobi rozari ikiwa katikati, nikajibanza kwenye benchi karibu na mlango. Binamu yangu ndiye aliyekuwa akipitisha chai.

Amina ya mwisho haikuwa imepoa na mwenyekiti tayari alikuwa ametoa simu. "Papa ameruhusu ndoa za mashoga," akasoma. Kichwa cha habari tu, hakuteremka chini. Mama mmoja akaweka kikombe kama kimemchoma.

Mimi nilikuwa nimeisoma hati yenyewe, Fiducia Supplicans, iliyotoka Vatikani tarehe 18 mwezi huo. (Si utakatifu, kazi yangu ni ya kushinda kwa intaneti.) Inasema waziwazi kwamba ndoa ni ya mume na mke. Inachoruhusu ni padri kuwabariki watu wawili wa jinsia moja wakimwomba, bila ibada rasmi wala kitu chochote kinachofanana na harusi. Mtu anaweza kuisoma na bado aikatae. Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi, ambaye sisi wa Thika tuko chini yake, aliwakataza makasisi wake kutoa baraka hizo, na Januari 2024 maaskofu wa Afrika wakasema hazitatolewa huku kwetu. Lakini hao walikataa kilichoandikwa. Sisi tulikuwa tunapigana na kichwa cha habari.

Ningesema hivyo. Sikusema.

Mwaka mmoja kabla, tukingoja matatu mjini Thika, binamu yangu aliniambia jambo ambalo hakuna mwingine wa familia aliyeambiwa. Sasa alikuwa amesimama na birika mkononi, akisikiliza watu waliomshika siku ya ubatizo wakisema watu wa aina hiyo wafukuzwe kijijini. Akamwuliza katekista kama ataongezewa.

Cucu ndiye aliyewakatiza. Aliwakumbusha Oktoba 2009, Wakenya wawili walipounganishwa kwa "civil partnership" London, wanaume wote wawili. Magazeti hapa yalijaa hiyo habari, na jamaa zao Murang'a wakasumbuliwa na majirani.

"Wale wazazi," akasema, "kuna jumuiya ilienda kuwaombea? Ama walibaki na watu wa gazeti?"

Kimya. Mwenyekiti akakohoa, akaingia kwa matangazo: mchango wa mabati, nani bado hajalipa.

Kama cucu anajua, sijui. Sijawahi kumwuliza, na naogopa jibu lolote kati ya yale mawili.

Jioni tulikuwa nyuma ya jikoni tukiosha vyombo, Kilimambogo ikianza kupotelea gizani.

"Ulikuwa umeisoma, sindio?" binamu yangu akaniuliza.

"Eeh."

"Yote?"

"Yote."

Akasuuza kikombe kingine, akanipa nipanguse.